Kaa Lililofunikwa

Mama yangu alizaliwa Iringa, milimani, akaolewa bondeni Usangu, upande wa Rujewa, mahali pasipokuwa na kanisa wala kengele. Hiyo ni miaka ya hamsini. Mimi nilisoma mpaka darasa la pili tu, basi naandika nilivyoona. Waliohusika nitawataja kwa udugu wao. Majina yao sitaki kuyatia kinywani.

Kwetu kila alfajiri wanawake waliombana moto. Kiberiti kilikuwa kitu cha dukani, na masika kikilowa hakiwaki. Aliyejua kulaza moto vizuri majivuni, usizime usiku, ndiye aliyegawia wenzake: unakuja na kigae cha chungu, unatiliwa kaa, unakwenda zako ukilipuliza. Mama alijua. Na kabla ya kutia makaa alisali kwa sauti, akimtaja kila mtu na mgonjwa wake, kisha akasema kidogo habari za Yesu.

"Wifi, moto wako siku hizi una maneno marefu," walimtania. "Watoto wanangoja uji."

Mama alicheka, akafupisha. Lakini walikuja tu, hata wale wenye moto kwao. Jirani yetu, niliyemwita shangazi, ndiye wa kwanza kusema ameamini.

Baba mkubwa, kaka yake baba, ndiye aliyesimamia matambiko ya ukoo. Alimwambia mama agawe moto, maneno aache. Mama akajibu kuwa vyote viwili amepewa, hawezi kugawa kimoja. Baba yangu hakuwepo. Alikuwa kibarua kwenye mashamba ya tumbaku Iringa, nyumbani akija mara moja kwa mwaka.

Ndipo akaja mwinjilisti na baiskeli yake, yule yule aliyemfundisha mama tangu usichana kwamba imani ni taa, haiwekwi mvunguni. Nikajua msaada umefika. Kumbe alishapitia kwa baba mkubwa, akachinjiwa. Alikaa kwetu bila kuvua kofia.

"Mama, nuru ya moyoni inatosha," alisema taratibu. "Mungu anaiona."

"Na hawa wanaokuja na vigae, wao wataionaje?"

Akaangalia baiskeli yake.

Mtoto wa baba mkubwa alipokufa kwa homa, baba mkubwa alikataza watu wote kuchukua moto kwetu au kutupatia wa kwao. Kwetu, nyumba isiyoombwa moto ni nyumba ya mchawi; hakuhitaji kusema zaidi. Mama aliendelea kusali mlangoni kila alfajiri, kwa sauti ile ile, na hakuna aliyekuja.

Masika yakamkuta mjamzito. Jioni moja uchungu ulimshika, na mvua ikavuja paani ikaua moto wetu. Akanituma na kigae. Nyumba ya kwanza walifunga mlango. Ya pili waliniambia, bila ubaya, nirudi kwa mama yangu. Kwa baba mkubwa moto ulikuwa unawaka sana, yeye anauota. Alinitazama, akanigeuzia mgongo. Nilipopita mlangoni kwake, shangazi akaninong'oneza nitangulie, atakuja na moto.

Nilimshika mama mkono gizani, hakuna mwanga wala maji ya moto, uso wake siuoni. Alikuwa akiwataja wale wanawake mmoja mmoja, kama alfajiri. Alipofika kwa shangazi, sauti ikakatika. Mtoto hakulia kabisa.

Shangazi alikuja baadaye. Kaa alilitia ndani ya chungu, akaziba mdomo kwa kigae, na juu akazungushia kaniki, mwanga usionekane njiani. Akafunua. Nikapuliza, naye akapuliza. Lilikuwa jeusi.

"Nililifunika," alisema. "Niliogopa wataliona."

Baba mkubwa alimwua mama kwa amri yake, mwinjilisti kwa upole wake. Leo niko Mbeya, na nasikia mwinjilisti amezeeka kwa heshima huko Iringa, bado anahubiri habari za taa. Shangazi sijui nimweke wapi. Chungu chake nilikipokea mikononi gizani, na kwa nje bado kilikuwa na joto.