Uzi wa Sarafu za Shangazi

Nakumbuka asubuhi moja nikiwa kijana, mgeni mwenye koti la kijivu alipanda kutoka bandari ya Kalundu, hapa Uvira, akaulizia nyumba ya shangazi yangu. Mwanangu, nakueleza haya kwa sababu ya picha ulizonionyesha jana kwenye simu: makumbusho na maktaba za Paris, London na Berlin, sarafu za wafalme wa kale zimelazwa chini ya vioo. Ni nzuri, sikatai. Lakini mtu aliyekutumia picha hizo, anayetaka tumpelekee sarafu zetu, mimi simjui. Na wewe humjui.

Wakati ule uzi wa sarafu hizo ulikuwa kwa shangazi. Sarafu ni hizi hizi za shaba, za wakati wa Wabelgiji, zenye tundu katikati. Kila mtoto wa nyumba yetu hufungwa uzi huo kiunoni mpaka aanze kutembea. Siku hiyo dada yangu alikuwa karibu kujifungua.

Mgeni alisema ataupeleka Bujumbura, wataalamu wauangalie, aurudishe Jumapili. Kisha makumbusho makubwa ya Ulaya yangeununua.

"Sarafu zenu zitalala karibu na za Roma, mama."

"Hizo za Roma ziko na woga wa kulala peke yao?" shangazi akauliza.

Tulicheka. Mgeni hakucheka. Shangazi alikuwa akitazama kamera iliyoning'inia shingoni mwake.

"Kamera yako iko muzuri. Uiache hapa, weye ubebe uzi. Jumapili tutabadilishana."

Mgeni akaishika kamera kwa mikono miwili. "Mama, mutu anaachaje kitu cha bei hivi kwa watu asiowajua?"

"Ni hiyo miye nilikuwa najiuliza."

Mgeni akamaliza maji tuliyompa, akashuka bandarini. Mimi nilimnong'oneza shangazi kwamba pengine tumemfukuza mtu mwema. Akanigeukia.

"Pengine. Lakini mutu mwema angeacha kamera."

Mpaka leo sijui kama yule alikuwa mwizi. Sikumwona tena. Ninachojua ni kwamba mtoto wa dada yangu alifungwa uzi, na miaka baadaye ukafungwa wewe.

Basi, mwanangu, mtu akikuomba kitu cha nyumba, kwanza tazama yeye anaacha nini mkononi mwako. Maneno mazuri na picha za vioo si kitu alichokiacha. Kama makumbusho hayo yanazitaka kweli, yatume mtu aje Uvira, akae nasi, azione sarafu zikiwa humu ndani, wazee wakiwepo. Kabla ya hapo usimtumie hata picha.

Mke wako amebakiza siku chache. Mungu amfungue salama, mtoto avae uzi huu mpaka miguu yake ishike ardhi, na wewe upewe macho ya kutazama mikono ya watu wakati midomo yao inasema.