Alitaka Nimkatie Miguu ya Nyanya Yangu

Mtu akikagua picha kwa lenzi ya kukagulia vito, jua hajaja kuangalia picha.

Leo nilitundika michoro yangu ya wino kwenye hariri, hapa sokoni Voi. Ile kubwa ni ya nyanya yangu wa Rukanga. Leso yake inashuka mpaka inakuwa mlima Kasigau, na miguu yake inageuka mawe ya pale chini.

Akaja jamaa mmoja. Uso wa nyanya hata hakuutazama. Aliinama moja kwa moja kwenye mawe, akatoa kalenzi kadogo mfukoni.

"Dada, hapa ni wapi?"

Sisi wa huku tunalijua hilo swali. Leo unaulizwa mawe, kesho unakuta shimo la wachimba vito shambani.

Nikamdanganya ni Salaita, mbali na kwetu.

Akacheka, jino la fedha likaonekana. "Salaita napajua. Hakuna mawe kama haya."

Sasa wewe na mawe mmejuana wapi?

Halafu akaniacha mdomo wazi.

"Nikatie hii kona tu. Nitalipa bei ya picha nzima. Huyo mama baki naye."

Nikamwambia hiyo kona ni miguu yake, haikatwi. Nikakunja hariri yangu nikafunga.

Nikampigia nyanya simu nikamsimulia, nikijua atacheka.

Hakucheka. "Huyo mtu ana jino la fedha?"

Jino sikuwa nimelitaja.

"Jana alikuja kuniomba maji," akasema. "Alikunywa akiangalia mawe ya chini."

Mlio na watu Rukanga, pigeni simu nyumbani. Halafu mniambie mmesikia nini.