Sharti la Kilimani

Dereva wa gari la maji alimjua fundi wa hesabu kwa vidole vyake. Kila akimaliza mstari kwenye kompyuta, huvipangusa kwenye suruali kama mtu aliyetoka kula. Ndiye aliyepanga magari yapeleke maji mtaa gani. Alikuwa na maktaba yake ya programu, ambayo dereva aliitania kuwa ni maktaba isiyo na kitabu hata kimoja: unaitajia lengo, yaani mafuta kidogo, unaipa masharti, nayo inakutafutia jibu. Masharti aliyasoma kwa sauti ya chini, kama anayebembeleza watoto walale. Siku moja alisahau sharti la kila mtaa kupata angalau gari moja, kompyuta ikajibu sifuri kila mahali. "Haijakosea, kaka," alicheka. "Gari lisilotoka halili mafuta."

Asubuhi hii hakucheka. Mafuta yalikuwa yamepungua, kompyuta ilisema haiwezekani kutimiza masharti yote, na mkubwa wa ofisi alisimama nyuma ya kiti chake. "Toa sharti la kilimani. Huko ni mbali mno." Fundi akaweka alama ya reli, #, mwanzoni mwa mstari wa sharti hilo, akabonyeza. Jibu likaja papo hapo, mkubwa akaenda zake. Dereva, ambaye shangazi yake huko kilimani alikuwa ameshapanga ndoo mlangoni, akauliza, "Umelifuta?"

Fundi akapangusa vidole, akapangusa tena.

"Sijalifuta, kaka. Lipo palepale. Ila halisomwi."