Nilivyobebwa na Bibi Zangu Juu ya Ngazi

Ndiyo, ni mimi yule dada aliyepitishwa kwenye gulio la Mlola akiwa amelala chali juu ya ngazi, na kama hukuniona basi umeshasimuliwa, kwa hiyo bora nikusimulie mwenyewe kabla hawajaongeza chumvi.

Kila Alhamisi nafanya mazoezi na bibi wanane kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji (sijasomea, nimejifunza kwenye simu, na kila zoezi naliandika kwenye daftari mara tatu nisije nikakosea). Kisa chenyewe ni Bibi Zaina, mama yake baba. Tangu aache shamba, watoto wake wanamwekea kiti barazani asubuhi, wanamwondoa jioni, akishika hata ndoo baba mkubwa anapiga kelele, "Mama, pumzika!" Kwetu hiyo ndiyo heshima. Lakini miguu ya bibi ilikuwa inakufa nikiona. Baba mkubwa akanionya: "Nikisikia mama amechoka, namtoa kwenye mazoezi yako, na wenzake watatolewa na watoto wao."

Alhamisi hiyo sikunywa hata chai kwa wasiwasi. Tena bibi zangu wana tabia moja, wakinyoosha mikono mara mbili wanakaa na kuanza habari za wakwe. Nikaamua: viti vyote nikavifungia stoo, ufunguo nikauficha (ndani ya soksi, msiniulize).

"Leo hakuna kukaa," nikatangaza.

"Hata wewe?" akauliza Bibi Zaina.

"Hata mimi!"

Basi nikaruka, nikachuchumaa, nikainuka, nikachuchumaa tena, jua linawaka, tumbo tupu, wenzangu wanakwenda taratibu kwa akili zao, mara nikaona kabichi za shamba la jirani zinazunguka. Nikasikia, "Mleteeni kiti!" na mwingine akajibu, "Kiti kipi?"

Nilipofumbua macho nilikuwa juu ya ngazi ya fundi aliyekuwa akiezeka ofisi, imetandikwa khanga, bibi wanne wamenibeba na wanne wanasubiri zamu, tunapanda kwenda zahanati. Na njia ya zahanati inakatiza katikati ya gulio.

"Bibi, nimepona, nishusheni nikae."

"Lala huko! Si umesema leo hakuna kukaa?"

Gulio zima likageuka. Watu wakatoa simu. Baba mkubwa akaacha karoti zake akaja mbio: "Mama! Shusha hiyo ngazi, utaanguka!"

"Nimshushe nimweke wapi?" Bibi Zaina hakupunguza hata mwendo. "Nipishe. Kilima hiki nimekipanda na wewe mgongoni."

Ningeweza kuruka chini, nilikuwa mzima kabisa. Ila nilimwona baba mkubwa anavyoitazama miguu ya mama yake. Nikafumba macho, na shingo nikailegeza kabisa (aibu hiyo niliichagua mwenyewe).

Nesi aliniuliza swali moja tu, nimekula nini, nikamwambia hata chai sijanywa. Baba mkubwa alitufuata mpaka pale, akafika anahema, akawa wa kwanza kuliwahi benchi. Mama yake alikuwa bado amesimama. Habari za kumtoa hajazitaja tena.

Viti sitavifungia tena, naapa, na chai nitakunywa. Lakini kuacha Alhamisi zangu, hilo msahau, na mnaorushiana ile picha rusheni mpaka mchoke, halafu muwalete mama zenu. Viti viko nje. Bibi Zaina ameandika jina langu kwa mkaa kwenye kimoja, na hicho peke yake ndicho kinachokaliwa.