Aliyekataa Kujibu Nzuri

Wako watu Babati watakaokuambia kwamba Xaveria wa kijiji cha Mutuka alizaliwa mkorofi. Waongo hao. Huyu mama alilelewa kule Dareda, katika nyumba ya Wairaqw Wakatoliki ambako mtu akiulizwa habari hujibu kwanza "nzuri", hata kama zizi zima limeteketea, ndipo aeleze shida yake. Ndivyo tulivyofunzwa sote. Na adabu hiyo hiyo nusura immalizie mtoto.

Ilikuwa mwaka wa themanini na nne, enzi za foleni na unga wa njano, watu wakifulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Cornel, mwanawe wa pekee, kijana wa miaka ishirini na mitatu, alikanyaga msumari wenye kutu akitengeneza uzio wa ng'ombe. Kidonda kikafunga, kila mtu akasahau. Siku ya tisa taya zikakaza, shingo ikakakamaa, mgongo ukaanza kupinda. Pepopunda. Majirani wakamfunga kwenye machela ya blanketi wakampeleka mjini mbio mbio.

Hospitali yenyewe tusiitaje, maana waliofanya kazi pale wengine bado tunasalimiana nao sokoni. Cornel alilazwa chumba cha mahututi, vitanda vinne, dirisha limezibwa kwa blanketi. Daktari alisema dawa kubwa ya ugonjwa huu ni giza na ukimya, kwani kelele yoyote humstua mgonjwa na mwili ukamkaza. Maneno mazuri kabisa. Sasa sikia: nje ya dirisha hilo hilo, hatua mbili tu, ilining'inia rimu ya lori. Ndiyo iliyokuwa kengele ya hospitali. Mlinzi, Mzee Paskasi, aliigonga kwa chuma kuwaita ndugu waingie, akaigonga tena kuwatoa, mara tatu kwa siku.

Siku ya kwanza Xaveria alikuwa kando ya kitanda rimu ilipogongwa. Cornel akakunjika kama upinde, kichwa na visigino tu ndivyo vilivyogusa godoro, meno yakisagana, macho yakiwa wazi yanamtazama mama yake. Mama alielewa papo hapo, wala hakuhitaji kufundishwa na mtu.

Akatoka nje. Mlangoni akakutana na Sista Evangelina, msimamizi wa wodi, mama wa makamo aliyekuwa akipita haraka na beseni mkononi. Sista akamwuliza habari za mgonjwa. Kinywa cha Xaveria kikajijibia chenyewe: nzuri tu, Sista. Alipomeza mate ili aanze kueleza, Evangelina alikwisha sema tumshukuru Mungu na kuingia zake ofisini.

Jamani, nzuri gani hiyo? Xaveria alijilaani njia nzima mpaka kwenye banda la kupikia.

Kesho yake alikwenda kusema kila kitu bila salamu ndefu. Evangelina hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa na muuguzi mmoja kwa wodi mbili, na glavu alizichemsha na kuzivaa tena mpaka zikatoboka. Lakini alikuwa amechoka, na mtu akichoka hasikii. Akamwambia kengele ni amri, bila kengele ndugu watajazana mle ndani. Tena jana wewe mwenyewe si ulisema nzuri, Mama? Xaveria akamwendea Mzee Paskasi, naye akaapa kwamba akiacha kugonga atafukuzwa kazi. Siku ya tatu Cornel alikaza hadi pumzi ikakatika, akawa wa bluu midomoni. Muuguzi alipomrudishia pumzi alimwambia mama yake wazi wazi: mara nyingine kama ile, huenda pumzi isirudi.

Siku hiyo hiyo ndipo ulipofika ugeni kutoka mkoani. Landrover, mkubwa wa kaunda suti, na karani mwenye karatasi. Walikuja kupima kama ndugu wa wagonjwa mahututi wanaridhika na huduma. Ndugu wakapangwa kwenye benchi ukutani, na mkubwa akapita akiwauliza kwa upole mmoja mmoja: habari za huduma hapa? Nzuri. Karani akaandika ameridhika. Na wewe, mzee? Nzuri. Ameridhika. Akafika kwa Philomena, ambaye mumewe alilala kitanda cha pili kutoka kwa Cornel. Siku nane alikuwa amekaa pale bila kuambiwa na mtu mume wake anaumwa nini, na jana yake alilia begani kwa Xaveria hadi khanga ikalowa. Philomena akainamisha kichwa, akasema nzuri.

Xaveria akawatazama wote pale benchini. Watu wanapakana mafuta kwa mgongo wa chupa na mwanawe anakufa!

"Siyo nzuri," akasema zamu yake ilipofika.

Benchi zima likageuka. Mkubwa akatabasamu, akamwambia karani kwamba labda mama huyu wa shamba hakukielewa Kiswahili. Hapo ndipo alipoharibu.

"Kiswahili nimekielewa," Xaveria akasema. "Rimu ile ikigongwa, mwanangu anakata pumzi. Nimesema kwa Sista, nimesema kwa mlinzi. Sasa nasema kwako."

Mkubwa akamweleza kuwa malalamiko yana utaratibu wake, yapitie kwa mwenyekiti wa tawi la chama. Kisha akatazama saa, akamwashiria Mzee Paskasi agonge, ili ashuhudie ndugu wanavyoingia. Paskasi akanyanyua chuma. Lo! Xaveria alikuwa amekwisha fika. Aliikumbatia ile rimu kwa mikono miwili, kifua chake kikagandamana na kutu.

Akaambiwa anazuia kazi ya serikali. Nyakati zile neno kama hilo lilitosha kukulaza mahabusu, na yeye alijua. Tena tangu azaliwe hakuwahi kumkaidi mkubwa yeyote. Lakini kuachia hakuachia.

Mzee Paskasi alimtazama, akamtazama mkubwa, akaweka chuma chini. Akasema bega linamsumbua leo.

Halafu Philomena akasimama, akamwambia karani afute ile nzuri yake. Yule mzee wa benchini naye akataka yake ifutwe. Karani akabaki ameshika kalamu hewani, na mkubwa akakumbuka kwamba ana safari ndefu.

Asubuhi iliyofuata Evangelina mwenyewe aliifungua ile rimu, akaagiza itundikwe langoni, mbali kule. Upande wa mahututi Mzee Paskasi akawa anapita akiwaita ndugu kwa mdomo, taratibu.

Cornel alikaa wiki tano. Alitoka akiegemea fimbo, amekonda, taya bado nzito, akiulizia ugali. Evangelina aliwasindikiza mpaka barazani, na usoni alikuwa na furaha ya kweli, kwani naye alimpigania kijana huyu. Alikuwa na karatasi kama zile za mkoani, sasa zinajazwa kila mgonjwa anapotoka.

"Haya, Mama Cornel, mwanao huyo anatembea. Nikuandikie umeridhika?"

Xaveria alimshika mikono yote miwili, machozi yakamtoka bila aibu, akamshukuru kwa Kiswahili na kwa Kiiraqw. Kisha akatazama benchi la ukutani. Philomena alikuwa bado pale, na chungu chake cha uji mapajani.

"Mwanangu amepona, Sista, Mungu akulipe. Lakini mwenzangu huyu mpaka leo hajaambiwa mume wake anaumwa nini. Andika sijaridhika."

Akatua mzigo, akamwambia Cornel akae, naye akaketi kando ya Philomena kumngoja daktari.