Vidole vya Mama

Juzi, katika duka la vyombo vya muziki pale Kakoba, mjini Mbarara, nilimwona msichana mdogo amekumbatia pakiti ya nyuzi nene za gitaa la umeme, amenuna, akizikataa nyembamba alizoonyeshwa na baba yake.

Nami niliwahi kununa hivyo hivyo nilipokuwa na umri wake. Uzi wa gitaa langu ulikuwa umekatika, na mama yangu, mpiga gitaa la solo wa kwaya yetu ya kijijini Kashojwa, alinileta Mbarara kununua nyuzi mpya. Duka lilinuka vanishi na nyaya mpya. Mama alichagua nyembamba kuliko zote. Niliamini nyuzi nene ndizo zenye sauti kubwa, na nyembamba ni za watoto wasioaminiwa.

"Mama, mimi nataka za nene kama zako."

"Sauti inatokaka mu spika, mwanangu, si mu unene. Na vidole vyako viko bado laini. Vikiumia sana, utaacha."

Akanigusa shavu kwa ncha za vidole vyake. Zilikuwa ngumu kama kisigino. Siku zote nilidhani ziliunguzwa na sufuria za sombe, yale majani ya muhogo; kumbe ni nyuzi.

Jumapili iliyofuata nilipiga wimbo mzima bila kusimama, na spika ikatetemesha mabati ya kanisa.

Kwa hiyo juzi nilimpa yule msichana maneno ya mama yangu, pamoja na pakiti ya nyuzi nyembamba. Alipoipokea aligusa vidole vyangu, akaniangalia kwa huruma.

"Pole, mama. Uliungua na sufuria?"