Sungura Mzee na Droo Yake

Sungura yule tuliletewa ili tumle. Mama mmoja wa Ruring'u, ambaye mtoto wake alifundishwa na mke wangu katika shule ya Jumapili, alimleta ndani ya kikapu akiwa amefungwa miguu, na kando yake vitunguu na dania ili tusihangaike kutafuta viungo. Ilikuwa miaka ya mwanzo baada ya Uhuru, binti yetu mkubwa akiwa bado anavaa sare ya shule. Wageni tuliowatazamia Jumapili ile hawakufika kwa sababu ya matope, basi sungura akalala jikoni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu mgeni wetu alikuwa anakula majani ya kabeji mkononi mwa mke wangu, wala jembe halikutajwa. Vitunguu tuliungia maharagwe.

Nje hakungemfaa. Kulikuwa na mbwa wa majirani, na baridi ya Julai inayoshuka kutoka mlimani ilitufanya hata sisi wenye blanketi tulalamike. Akakaa ndani. Baada ya siku chache alijichagulia pembe moja ya sebule, nyuma ya kiti changu, akawa anajisaidia hapo na si kwingine. Mke wangu hakugombana naye. Alichukua droo ya kabati letu lililokuwa limevunjika, akaijaza maranda ya mbao, akaiweka palepale. Maranda hayakuwa shida. Wengi wetu tulipikia jiko la bati linaloshindiliwa maranda, na nilikuwa nikijiletea gunia zima kutoka kwa mpasua mbao wa njia ya Kiganjo.

Sungura akaingia kwenye droo siku ileile kana kwamba alikuwa ameiagiza mwenyewe. Kwa miaka mingi hakukosea. Wageni walikuja kumtazama akipanda, akigeuka, akimaliza shughuli zake na kushuka kwa heshima zote. "Huyu amesoma," jirani mmoja alisema. "Wangu watano hawajafika darasa hilo."

Uzee ulimjia taratibu, kama unavyotujia sisi sote, ukianzia mahali usipopaangalia. Masharubu yalikuwa meupe tangu zamani, kwa hiyo hayakutuambia kitu. Tulichoona ni alama kando ya droo. Sakafu yetu ilikuwa ya saruji, ikisuguliwa kwa nta nyekundu kila Jumamosi mpaka ing'ae, na mkojo wa sungura ukikauka huacha weupe kama chokaa. Kwanza ilikuwa alama moja, kisha alama juu ya alama, na baadaye kidimbwi chenyewe. Harufu yake, wacha tu niseme ilikuwa inafika mlangoni kukupokea kabla yetu.

Mimi nilijiona mtu wa kutafuta sababu. Niliona maranda machache yenye maji yamelala nje ya droo, nikaamua kwamba anaruka kwa fujo na kuyamwaga. Nikachukua ubao wa upana wa vidole vinne, nikaupigilia misumari juu ya ukingo, pande zote. Wiki ile kidimbwi kikawa kikubwa zaidi. Nikaongeza ubao wa pili.

"Baba watoto," mke wangu akaniuliza, "unamjengea gereza?"

"Namjengea adabu."

"Adabu ya urefu huu hata mbuzi hataipanda."

Alisema kwa mzaha, nami nikacheka, kisha nikaenda zangu. Siku zile nilikuwa nawafundisha wanaojiandaa kwa ubatizo, na mtu akizoea kufundisha habari za utiifu na uasi huanza kuuona uasi kila mahali, hata nyuma ya kiti chake. Nilisadiki kwamba sungura ameshupaza shingo.

Shemeji yangu wa Kiganjo, ndugu wa mke wangu, alikuwa na maoni mafupi zaidi. Yeye alifuga sungura wengi katika vibanda vya mbao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuzeeka kwake. "Dada, sungura akianza kusahau choo, dawa yake ni sufuria. Unangoja nini? Apate pensheni?"

Mke wangu alikuwa akimpa chai na kubadili mazungumzo. Lakini mwezi wa Aprili tukapata ujumbe kwamba wazee wa upande wa kijana aliyempenda binti yetu watafika Jumamosi kuanza mazungumzo ya mahari. Wangekaa wapi kama si sebuleni? Mke wangu alisimama katikati ya chumba, akavuta hewa puani, akaangalia ile pembe kwa muda mrefu. Nilijua anampenda mnyama yule. Kila asubuhi alimfuta miguu ya nyuma kwa kitambaa cha maji ya moto, maana manyoya yalikuwa yanalowa na kushikamana. Ndiyo sababu maneno yake yalinishtua.

"Ikifika Jumamosi bado anachafua," akasema, "ndugu yangu amchukue." Akarudi jikoni kukata sukuma wiki, na kisu chake nilikisikia mpaka nje.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo ushirika wa maombi wa nyumbani ulikuwa zamu yetu. Masika yalikuwa yamekolea, na kila aliyefika alivua gambuti zake za mpira mlangoni na kuingia kwa soksi, kama tulivyozoea kufanya ili udongo mwekundu ubaki nje. Tuliimba, tukasoma, tukaambiwa tupige magoti. Kwetu mtu alikuwa anageukia kiti alichokalia, anapiga magoti sakafuni na kuficha uso kwenye mto wa kiti. Maombi aliyaongoza mama mmoja mzee, mjane, aliyekuwa nguzo ya ushirika wetu. Alikuwa amepewa kiti kilichokuwa jirani na changu. Sala zake zilikuwa ndefu, nasi tulizipenda hivyo. Alianza na mvua, akapita kwenye kahawa, akawaombea walimu, wagonjwa, watoto walio mbali na viongozi wa nchi mmoja mmoja.

Magoti yangu yalianza kunisemesha alipofika kwa wagonjwa. Nikageuza uso kidogo ili nipumue, na jicho moja likafunguka. Kutoka hapo chini niliona kitu ambacho kwa miezi yote ile, nikiwa nimesimama juu yake na nyundo, sikuwa nimekiona.

Sungura alikuja polepole, akinyata kando ya ukuta. Akafika kwenye droo. Akainua miguu ya mbele, akaushika ule ubao wangu, akajivuta. Miguu ya nyuma haikumfuata. Akateremka, akapumzika, akajaribu tena, safari hii kidevu kikagonga ukingo. Akazunguka upande wa pili, kama mtu anayetafuta mlango wa uani. Huko pia nilikuwa nimepigilia. Alijaribu mara nyingine, mwili wote ukimtetemeka, halafu akajikunyata chini kabisa ya ukingo, karibu na maranda kadiri alivyoweza kufika, akafanya hapo alichoshindwa kufanyia ndani.

Maji yakaanza safari. Sakafu ya sebule yetu ina mteremko mdogo kuelekea dirishani, na njiani palikuwa na mguu wa mama wa watu.

"...na uwalinde wasafiri, Baba, na uibariki nyumba hii, uibariki kabisa... ati ni nini hii? Soksi yangu iko na maji! Amina."

Wote wakaitikia Amina, wakafungua macho, wakaona. Mke wangu alifunika uso kwa leso. Mama mzee akainua mguu, akautazama, akanigeukia.

"Mzee wa kanisa, mimi nilishabatizwa. Hapa kwako mnarudia?"

Kicheko kilichofuata nafikiri kilisikika mpaka uwanja wa michezo. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti. "Hajakataa," nikasema. "Jamani, hajakataa. Amejaribu kupanda, akashindwa."

Nikawaeleza nilichoona. Mke wangu aliinama akamshika sungura, akamkunja mguu wa nyuma kwa upole, na sungura akauvuta haraka. Mama mzee, ambaye sasa alikuwa anavishwa soksi zangu kavu, alitikisa kichwa. "Mimi hizo ngazi za kanisa, nangoja kijana anishike mkono. Kama hakuna kijana, nitasimama hapo nje niimbe. Mtu asiseme ati nimeasi."

Ijumaa asubuhi niling'oa mbao zangu zote. Nilipoweka droo tupu mbele yake, niliona hata ukingo wake wa asili ulikuwa umemshinda, basi nikachukua msumeno nikakata upande wa mbele mpaka ukabaki unene wa kidole. Nikaisugua kwa maji na jivu, nikaijaza maranda mapya yenye harufu ya mbao, nikasimama kando nikingoja shukrani. Sungura akanusa, akageuka, akaenda chini ya kitanda. Jioni tukakuta kidimbwi mahali pa siku zote.

Mke wangu alifuta sakafu. Kisha akaniambia, "Umemhamishia nyumba ya watu. Haijui." Akachota maranda ya zamani, yaliyolowa, kutoka kwenye debe la taka, akayachanganya na mapya, akasukuma droo hadi ukutani kabisa. Nikamwombea sungura usiku ule. Nimewahi kuombea mambo madogo zaidi.

Jumamosi shemeji alifika mapema, akiwa na gunia begani, maana wazee wangefika baada ya saa sita. Tukampa chai. Aliangalia sakafu, akaona imesuguliwa na inang'aa, akaangalia droo iliyokatwa. "Sasa mmemfanyia veranda," akasema. "Yuko wapi?"

Alikuwa mlangoni mwa chumba cha kulala. Alikuja na mwendo wake ule wa kuvuta, akapita mbele ya miguu ya shemeji bila kumsalimu. Mke wangu alishika birika hewani. Sungura alifika kwenye ule upande wa mbele, akanusa kwa muda uliotutosha sisi watatu kuzeeka, akaweka mguu mmoja ndani, wa pili, kisha akajikokota mzima. Akageuka. Akatulia. Tulisikia maranda yakinyonya.

"Ni leo tu," shemeji alisema. "Na wiki ijayo?"

"Wiki ijayo njoo unywe chai tena," mke wangu akamjibu, akamjazia kikombe.

Sungura hakuwa tena yule wa zamani. Kwenye siku za baridi kali alikosea, nasi tukafuta, na mke wangu aliendelea na kitambaa chake cha asubuhi. Alikaa nasi hadi masika mengine yakapita, na namshukuru Mungu kwa kila siku ya nyongeza tuliyopewa naye.

Jumamosi ile shemeji alimaliza chai, akasimama, akalikunja gunia lake. Mke wangu akalichukua mkononi mwake, akaenda nalo shambani nyuma ya nyumba, akarudi limejaa kabeji. "Wapelekee wale wako," akasema. "Na wewe uache mmoja azeeke."

"Azeeke halafu?"

"Halafu utakuja kwa mume wangu akukatie droo."

Akaondoka akicheka na mzigo wake, nasi tukaanza kupanga viti vya wazee.